Kifua kilinibana usiku wa pili wa dawa za kuzuia uchungu wa mapema: ni dawa, ni dripu, au ni mimba yenyewe?

#1 MamaPacha (mleta uzi)

Salaam wanajukwaa. Naomba mawazo yenu, hasa wakunga, wauguzi, madaktari na akina mama mliowahi kulazwa kwa uchungu wa mapema.

Nilikuwa na mimba ya mapacha ya wiki 30 nilipoanza kuhisi tumbo linakaza na kuachia kila baada ya dakika saba au nane. Nilipopimwa niliambiwa mlango wa kizazi umeshaanza kufunguka. Nililazwa, nikatundikiwa dripu, nikachomwa deksamethasoni pajani kwa ajili ya mapafu ya watoto, kisha nikaanza kuchomwa sindano za terbutalini chini ya ngozi ya mkono ili uchungu utulie. Dakika chache baada ya sindano ya kwanza moyo ulianza kwenda mbio kana kwamba nimepanda mlima, na mikono ikatetemeka kiasi kwamba kikombe cha maji nilichopewa kilimwagika nusu kabla hakijafika mdomoni. Niliambiwa ni kawaida, nikavumilia.

Usiku wa pili mambo yalibadilika. Kila nilipolala nilihisi kama mtu amenikalia kifuani. Nikaanza kukohoa kikohozi chepesi kisichokoma, ikanibidi niketi huku miguu ikining'inia ukingoni mwa kitanda. Muuguzi alinibana kidoleni kile kifaa cha kupimia oksijeni, akakitazama, akakihamishia kidole kingine, akakitazama tena, kisha akatoka mbio kumwita daktari. Sindano zilisitishwa, nikawekewa oksijeni na kupewa dawa ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, na hadi kunakucha nilikuwa napumua vizuri. Watoto walizaliwa siku ya tano. Sasa wana miezi saba na ni wazima, namshukuru Mungu.

Swali langu ni hili: nini kilinibana kifua? Daktari mmoja alisema ni dawa, wa pili akasema ni maji ya dripu, wa tatu akasema mapacha huleta hayo. Nataka kujua kwa sababu nikipata mimba nyingine na uchungu ukaja mapema tena, sitajua nikubali nini na nikatae nini.

#2 Mwanaidi_W

Pole sana dada, na hongera kwa wanao. Mimi sikupewa terbutalini, nilipewa vidonge vya nifedipini nikiwa na wiki 32. Uso uliwaka moto mpaka masikioni, na kichwa kiligonga kama kinu kinachotwangwa. Nilipoinuka kwenda msalani bila kumwita mtu, macho yalitanda giza nikashika ukuta. Presha ilikuwa imeshuka. Kifua, hata hivyo, hakikunisumbua kabisa, kwa hiyo nasubiri kusikia wataalamu watasema nini.

#3 MkungaMstaafu

Pole, mwanangu. Terbutalini ni ndugu wa salbutamoli, ile dawa wanayovuta wagonjwa wa pumu. Inalegeza misuli laini, na kwa kuwa misuli ya mji wa mimba ni ya aina hiyo hiyo, nayo hulegea. Tatizo ni kwamba dawa haichagui mahali pa kufanyia kazi. Moyo nao hupokea ujumbe huo huo, lakini wenyewe huongeza kasi badala ya kulegea. Misuli ya mikono hutetemeka, sukari ya damu hupanda, potasiamu hushuka, na mgonjwa hupata hofu asiyojua imetoka wapi. Tulikuwa tukipima mapigo kabla ya kila sindano, na yakizidi 120 kwa dakika sindano hiyo haichomwi.

Kwa maoni yangu mhusika mkuu ni dawa. Katika kundi hilo, maji kujaa kwenye mapafu ni athari inayojulikana tangu zamani, na ndiyo maana Marekani waliipiga marufuku mwaka 2011.

#4 MfamasiaWaZamu

Naomba nimsahihishe mama yetu wa #3 kwa heshima. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haikuiondoa terbutalini sokoni, kwa sababu bado ni dawa ya pumu. Ilichofanya ni kuweka onyo zito kwenye karatasi ya dawa: sindano isitumike kuzuia uchungu wa mapema kwa zaidi ya saa 48 hadi 72, na vidonge visitumike kabisa kwa kazi hiyo, kutokana na taarifa za matatizo makubwa ya moyo na vifo vya akina mama. Ulaya nao, mwaka 2013, waliondoa matumizi ya vidonge vya kundi hili kwa wajawazito, na sindano zikawekewa ukomo wa saa 48, kati ya wiki ya 22 na ya 37, chini ya uangalizi wa mtaalamu.

Tofauti hii ina uzito kwa mleta uzi. Kama alichomwa kwa siku mbili, yumo ndani ya muda ulioruhusiwa, hivyo hatuwezi kusema moja kwa moja kwamba walimpa dawa iliyokatazwa.

#5 MkungaMstaafu

Nimekubali, mfamasia. Nilichanganya onyo na marufuku. Asante.

#6 BabaFaraja

Mke wangu alipewa dawa nyingine, magnesiamu salfeti, kwa dripu. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda wakati dozi ya kwanza inaingia, na ndani ya dakika chache alianza kulalamika kwamba anaungua kutoka ndani. Jasho lilimtoka usoni, akaomba nimpepee kwa daftari la kliniki, nami nikapepea mpaka mkono ukafa ganzi. Baadaye alilegea, akawa anazungumza polepole kama mtu mwenye usingizi mzito. Muuguzi alikuja kila mara na nyundo ndogo ya mpira, akamgonga chini ya goti na kutazama kama mguu unaruka. Mara ya nne ulicheza kidogo sana. Akapunguza kasi ya dripu papo hapo na kwenda kuita.

Sikuelewa goti lina uhusiano gani na uchungu wa uzazi, na niliona aibu kuuliza. Nauliza leo.

#7 MkungaMstaafu

Usione aibu, mwanangu, hilo goti linaokoa maisha. Magnesiamu hutuliza mishipa ya fahamu na misuli yote. Ikizidi kwenye damu, jambo la kwanza kupotea ni ule mruko wa goti, na ikiendelea kuzidi, mgonjwa huacha kupumua, kisha moyo nao husimama. Kwa hiyo goti hukuonya mapema, ungali na muda wa kufunga dripu. Vitu vitatu hatuachi kuvipima: goti, pumzi zisizopungua 16 kwa dakika, na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa, kwa sababu figo ndiyo njia pekee ya magnesiamu kutoka mwilini. Kando ya kitanda lazima iwepo kalsiamu glukoneti, gramu moja, tayari kuchomwa polepole mshipani endapo pumzi zitafifia. Muuguzi wa mkeo aliijua kazi yake.

#8 DaktariWaWodi

Naongezea kwa #6, kwa sababu wengi huchanganya hapa. Magnesiamu ilitumika miaka mingi kama dawa ya kusimamisha uchungu, ila ushahidi kwamba inaahirisha kuzaa ni dhaifu. Leo kwa mimba changa, hasa chini ya wiki 32, hutolewa kwa lengo tofauti, nalo ni kulinda ubongo wa mtoto. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa kabla ya wakati baada ya mama kupewa magnesiamu walipata ulemavu wa mtindio wa ubongo wa kiwango cha kati au kikubwa kwa uchache zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo inawezekana mkeo hakupewa ili uchungu usimame. Alipewa ili mtoto akija, aje na kinga hiyo.

Matumizi ya muda mrefu yana madhara yake. Mwaka 2013 FDA ilitahadharisha kwamba kuitumia mfululizo kwa zaidi ya siku tano hadi saba kunaweza kushusha kalsiamu ya mtoto aliye tumboni na kudhoofisha mifupa yake. Na mtoto akizaliwa dripu ikiwa bado inaingia, anaweza kuja amelegea na kuchelewa kunyonya, hivyo wanaompokea wajulishwe.

Sasa nirudi kwa mleta uzi. Mimi nalaumu maji kabla ya dawa. Katika kundi la terbutalini mwili huzuia chumvi na maji, na moyo unaokwenda mbio hupata muda mfupi wa kujaa kati ya pigo na pigo. Hapo hapo wodi zina mazoea ya kumfungulia dripu kila anayekuja na uchungu wa mapema, kwa imani kwamba maji hutuliza mji wa mimba. Mimba ya mapacha nayo imeshaongeza wingi wa damu kuliko mimba ya mtoto mmoja. Ukijumlisha hayo, pamoja na deksamethasoni inayofanya mwili uhifadhi maji, mapafu hulowa. Dripu zingedhibitiwa, pengine dawa peke yake isingemfikisha pale.

#9 MfamasiaWaZamu

Daktari, nakubaliana na mengi uliyoandika isipokuwa hilo la deksamethasoni. Kati ya dawa za jamii yake, deksamethasoni na betamethasoni ndizo zenye uwezo mdogo kabisa wa kuhifadhi chumvi na maji. Kweli, ripoti za zamani za akina mama waliojaa maji mapafuni mara nyingi zilihusu waliopewa dawa hizo pamoja na zile za kundi la terbutalini, lakini kukutwa pamoja si ushahidi wa kusababisha. Athari ya deksamethasoni ninayoihofia mimi kwa mama ni sukari kupanda kwa siku kadhaa, na ikiongezwa juu ya sukari inayopandishwa na terbutalini, mama mwenye kisukari anahitaji kupimwa mara kwa mara.

#10 DaktariWaWodi

Hoja yako imesimama. Naiondoa deksamethasoni kwenye orodha, au angalau naishusha mpaka chini.

#11 Nuru_ya_Wodi

Mbona hakuna aliyetaja maambukizi? Uchungu wa mapema mara nyingi huanza kwa sababu bakteria wamepanda hadi kwenye utando wa mtoto. Maambukizi yenyewe hufanya mishipa midogo ya mapafu ivuje, hata bila dripu nyingi. Dada MamaPacha, ulikuwa na homa? Maji ya uzazi yalikuwa yamepasuka? Je, yalinuka? Nauliza kwa sababu kama kuna dalili za maambukizi, dawa za kuzuia uchungu hazipaswi kutolewa kabisa. Kumzuia mtoto abaki mahali penye usaha ni kumuumiza yeye na mama yake. Vivyo hivyo kwa kondo linaloachia na kuvujisha damu, au mama mwenye presha kali ya mimba.

#12 MamaPacha (mleta uzi)

Nashukuru kwa majibu. Homa sikuambiwa kwamba ninayo. Chupa haikuwa imepasuka hadi siku ya kujifungua, na sikumbuki harufu. Kuhusu dripu, nakumbuka zilibadilishwa mara nyingi, na nakumbuka nilimwambia mama aliyekuja kuniona kwamba miguu imevimba kuliko nilivyoingia nayo. Pete ya ndoa nilishindwa kuivua, ikatolewa kwa sabuni. Wakati huo nilidhani ni mapacha tu.

#13 Mwanaidi_W

Pete! Mimi yangu ilibaki inazunguka kidoleni muda wote, na mimi sikutundikiwa dripu hata moja. Namuunga mkono daktari wa #8.

#14 Rehema77

Naomba kuuliza jambo linalokaribiana. Baada ya uchungu wangu kutulia hospitalini, niliruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya nifedipini, nikavimeza kwa wiki tano. Kila siku kichwa, kila siku kizunguzungu, na miguu ikavimba. Je, kwa kuvumilia hayo ndiko nilikomfikisha mwanangu wiki ya 37?

#15 DaktariWaWodi

Dada Rehema, nakuhurumia kwa uvumilivu huo, na sitakuficha. Matibabu ya kuendeleza dawa baada ya uchungu kutulia yamechunguzwa mara kadhaa, na hayajaonyesha kwamba huongeza umri wa mimba au kuboresha afya ya mtoto. Wanawake wengi wanaopata uchungu wa mapema hutulia wenyewe na kufika muda wao hata bila dawa. Mwanao huenda angefika wiki ya 37 bila kichwa kukuuma hata siku moja. Hilo halimaanishi ulikosea, kwani ulifuata ulichoandikiwa.

#16 MzeeKarani

Nilikuwa msaidizi wa wodi ujana wangu, kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mnalalamikia kutetemeka mikono. Sisi tulishuhudia akina mama wakilevywa. Nasema kweli tupu: pombe safi, ethanoli, ilichanganywa kwenye dripu na kuingizwa mshipani kwa saa nyingi, kwa kuwa inazuia ubongo kutoa oksitosini, homoni inayokaza mji wa mimba. Mama alitapika, akacheka, akalia, akasema siri za nyumba yake mbele ya wauguzi, na kesho yake akaamka na kichwa cha mlevi. Hatari kubwa ilikuwa matapishi kuingia mapafuni akiwa hajitambui vizuri. Na mtoto naye alizaliwa ananuka.

#17 Rehema77

Shikamoo mzee. Sasa nimeelewa kwa nini kila uzi unaougusa huongezeka kurasa. Lakini hii kweli ilikuwapo?

#18 MfamasiaWaZamu

Ilikuwapo. Njia hiyo ilitangazwa na daktari Fritz Fuchs katika miaka ya 1960, ikaenea miaka ya 1970, kisha ikaachwa baada ya dawa za kundi la ritodrini kuja. Ritodrini yenyewe iliidhinishwa Marekani mwaka 1980 kwa kazi hii hii ya kuzuia uchungu wa mapema, nayo leo haiuzwi tena huko. Mzee ametukumbusha jambo la maana: kila dawa katika historia hii ilipokelewa kama ahueni kutoka kwa madhara ya ile iliyotangulia, na baada ya miaka kadhaa madhara yake yenyewe yakaorodheshwa.

#19 Mdadisi_Hamisi

Kama ni hivyo, nitauliza ambalo wengine wanalizunguka. Kwa nini tuwape akina mama dawa hizi hata kidogo? Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilisema dawa za kuzuia uchungu hazipendekezwi kwa lengo la kuboresha hali ya mtoto. Mwaka 2025 ukachapishwa utafiti wa APOSTEL 8, uliolinganisha atosibani, dawa nyingine ya kuzuia uchungu, na dawa bandia kwa wenye mimba za kuanzia wiki 30 ambazo hazijatimiza wiki 34, na watoto wa pande zote mbili hawakutofautiana kwa maana yoyote. Atosibani ndiyo inasifiwa kuwa na madhara machache kuliko zote. Ikiwa hata hiyo haimsaidii mtoto, dada yetu wa #1 alikaribia kuzama kwenye maji ya mapafu yake mwenyewe kwa faida ya nani?

#20 MkungaMstaafu

Kwa faida ya saa 48, mwanangu. Tangu Liggins na Howie wa New Zealand waonyeshe mwaka 1972 kwamba sindano za jamii ya deksamethasoni kwa mama hukomaza mapafu ya mtoto, tunachotafuta ni siku mbili tu: dawa ya mapafu ifanye kazi, na mama ahamishiwe mahali penye watu wanaojua kulea njiti. Nimewapokea watoto waliokuja bila siku hizo mbili. Unamwona anavyovuta mbavu ndani kwa kila pumzi, anakoroma kidogo kila anapotoa hewa, puani panapanuka. Nimewapokea pia waliokuja nazo. Sihitaji karatasi kunieleza tofauti.

#21 Mdadisi_Hamisi

Mama, namheshimu kila uliyempokea, lakini unachokieleza ni faida ya deksamethasoni. Swali langu ni juu ya dawa ya kuzuia uchungu. Kama wengi hutulia wenyewe, kama daktari alivyokiri #15, basi wengi hupata siku zao mbili bila dawa hiyo.

#22 DaktariWaWodi

Hamisi, umesoma sawa ila hukufika mwisho. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilirekebisha msimamo wake: dawa hizi zinaweza kutolewa, kwa masharti, kwa mama ambaye kuna uwezekano mkubwa atazaa kabla ya wakati, na chaguo la kwanza likatajwa kuwa nifedipini. Kundi la terbutalini halikupendekezwa, sababu ikiwa ni madhara yake kwa mama. APOSTEL 8 nayo iliuliza juu ya mimba za kuanzia wiki 30. Kwa mama wa wiki 26 jibu linaweza kuwa jingine, na siko tayari kumnyima.

Kuhusu uwiano wa hatari, kuna utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia wanawake 1,920 waliopewa dawa hizi. Waliopata madhara makubwa walikuwa asilimia 0.7. Kundi la terbutalini liliongoza kwa madhara, nifedipini ikafuata, atosibani ikawa nyuma kabisa, na waliochanganyiwa dawa zaidi ya moja waliathirika zaidi. Ni wachache, ila kwa aliyekuwa ameketi usiku ule miguu ikining'inia, hakuna asilimia inayomfariji, na hilo nalifahamu.

#23 Neema_K

Mimi niliwekewa atosibani kwenye dripu kwa siku mbili. Kichefuchefu kidogo mwanzoni, basi. Nilishangaa niliposoma uzi huu kwamba wengine wanapitia haya yote.

#24 Nuru_ya_Wodi

Tumezungumza juu ya mama tu, na mtoto je? Nimewahi kuhudumia mama aliyepewa indometasini, nayo ni dawa ya kuzuia uchungu wa mapema. Mama mwenyewe hakuwa na shida zaidi ya kiungulia. Alipopigwa picha ya mawimbi ya sauti, maji yaliyomzunguka mtoto yalikuwa yamepungua, kwa kuwa dawa ilivuka kondo na kupunguza mkojo wa mtoto, na mkojo huo ndio maji yenyewe. Dawa iliposimamishwa maji yalirudi. Pia inaweza kubana mapema ule mshipa mfupi unaopitisha damu ya mtoto pembeni mwa mapafu yasiyotumika bado, na hatari hiyo huongezeka kadiri mimba inavyokua, ndiyo maana wengi hawaitoi baada ya wiki 32 wala kwa zaidi ya saa 48. Kwa hiyo dawa isiyomsumbua mama siyo lazima iwe dawa njema.

#25 MamaPacha (mleta uzi)

Umenigusa, Nuru. Pacha wangu wa pili alipozaliwa sukari yake ilikuwa chini, akalazimika kulishwa kwa mrija pua ikiwa imebandikwa plasta ndogo. Je, hilo nalo lilitokana na sindano zangu?

#26 MfamasiaWaZamu

Huenda. Terbutalini huvuka kondo, sukari ya mama hupanda na ya mtoto pia, kongosho la mtoto hujibu kwa insulini nyingi, na anapozaliwa ugavi wa sukari hukatika ghafla huku insulini ikiwa bado ipo. Lakini njiti yeyote anaweza kushuka sukari kwa kuwa akiba yake ni ndogo, na hasa pacha mwenye uzito mdogo. Wewe pia sindano zilikuwa zimesitishwa siku kadhaa kabla ya kujifungua, jambo linalopunguza nguvu ya maelezo ya dawa. Siwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo.

#27 BabaFaraja

Kinachoniuma katika uzi huu wote ni kwamba hakuna aliyeambiwa kitu mapema. Mke wangu alidhani anakufa alipohisi moto ule. Kama wangesema sentensi moja tu kabla ya kufungua dripu, asingelia.

#28 Nuru_ya_Wodi

Kaka, upande wetu nao una maelezo. Mama anakuja uchungu umeshashika, mlango unafunguka, kila dakika ina thamani. Ukianza kumsomea madhara yote anaingiwa na hofu, wengine hukataa hata ile sindano ya mapafu ya mtoto.

#29 MkungaMstaafu

Binti yangu, hapo sikubaliani nawe. Mama aliyeambiwa "utasikia joto, utatetemeka, hayo yatapita, lakini kifua kikibana au ukishindwa kulala chali niite hata kama nimekaa na mgonjwa mwingine" atakuita kwa wakati. Yule aliyeambiwa "ni kawaida, vumilia" atavumilia hata lile lisilovumilika. Msome tena mleta uzi: aliambiwa ni kawaida mchana wa kwanza, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda usiku wa pili bila kujua kwamba hilo lilikuwa jambo jingine kabisa.

#30 Nuru_ya_Wodi

Nimekusikia, mama.

#31 Tabibu_Moyo

Nimechelewa kuuona uzi huu. Kuna uwezekano ambao hamkuutaja: udhaifu wa msuli wa moyo unaotokana na ujauzito. Mara nyingi hujitokeza mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi mitano baada ya kujifungua, kwa hiyo wiki ya 30 ni mapema kidogo, lakini mimba ya mapacha huongeza hatari, na dawa za kundi la terbutalini zimehusishwa nao pia. Moyo wa namna hiyo huweza kuficha udhaifu wake mpaka uongezewe mzigo wa dripu na mbio. Dada MamaPacha, ulipigwa picha ya moyo? Kabla ya mimba nyingine ningeitaka hiyo kuliko jibu lolote la humu.

#32 MamaPacha (mleta uzi)

Sikuwahi kupigwa. Nitashughulikia, na nitaomba pia nakala ya faili langu.

#33 MamaPacha (mleta uzi)

Nimerudi baada ya wiki tatu, kama nilivyoahidi. Picha ya moyo imetoka vizuri, msuli unasukuma kawaida. Faili nalo nimelipata. Siku ya kwanza imejazwa kwa mwandiko safi: lita tatu za dripu zimeingia, mkojo umeandikwa kila baada ya saa nne, mapigo 118, 124, 126. Kuanzia saa mbili usiku wa siku ya pili, safu ya mkojo iko tupu hadi saa kumi alfajiri, na safu ya dripu ina alama ya vema tu bila kiasi. Karatasi ya maabara inaonyesha chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepanda.

#34 DaktariWaWodi

Nashukuru kwa kurudi. Lita tatu kwa siku moja, juu ya terbutalini na mapacha, kwangu ni nyingi. Tena mapigo 124 na 126 ni juu ya mpaka aliotaja mama yetu #3, na sindano ziliendelea.

#35 Nuru_ya_Wodi

Na chembe nyeupe zilizopanda?

#36 MfamasiaWaZamu

Deksamethasoni hupandisha chembe nyeupe hata pasipo maambukizi yoyote. Damu ilichukuliwa kabla ya sindano ile ya paja au baada yake?

#37 Tabibu_Moyo

Nafurahi kwamba moyo uko sawa sasa. Naomba tu ikumbukwe kwamba wengi wenye tatizo nililolitaja hupona ndani ya miezi kadhaa, kwa hiyo picha ya leo haisemi moyo ulikuwaje usiku ule. Ukipata mimba, mpelekee daktari wako picha hii na ile karatasi ya mapigo kliniki ya kwanza kabisa, usisubiri uchungu.

#38 MamaPacha (mleta uzi)

Nitazipeleka. Mfamasia, nimeitafuta saa ya kuchukuliwa damu kwenye karatasi ya maabara. Tarehe ipo, saa haikuandikwa.